Kibarua aliyedondoka na mtaa uliosimamisha zege: uchambuzi wa kisa cha saiti moja Dar es Salaam

Kisa hiki hutumika katika mafunzo ya wasimamizi wa saiti na wawakilishi wa wafanyakazi. Majina ya kampuni, mtaa, shule na watu yameondolewa, na baadhi ya alama za mradi zimebadilishwa ili usitambulike. Mwandishi aliitwa na mkandarasi baada ya ajali, akafuatilia mradi hadi ulipokabidhiwa.

Usuli

Kampuni ni ya Kitanzania, ya daraja la kati katika orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ilianza na nyumba za kuishi na madarasa, ikapanda taratibu hadi kazi za ghorofa. Mradi wenyewe ulikuwa jengo la ghorofa nane, maduka chini na makazi juu, kwenye mtaa wa zamani uliobanana. Upande mmoja kuna ukuta wa shule ya msingi. Nyuma kuna kichochoro ambacho watoto hupita asubuhi na mchana, na kando yake banda la mama lishe na kijiwe cha bodaboda.

Makaratasi yalikuwa safi. Mradi ulisajiliwa, kibao kikasimamishwa mbele ya uzio wa mabati. Saiti ilisajiliwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Kampuni ilikuwa mwanachama wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Wawakilishi wa usalama waliteuliwa kwa barua, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mkaguzi ambaye angeishia ofisini asingeona kosa lolote.

Huko juu kwenye zege mambo yalikuwa mengine. Watu walikuwa wanakaribia tisini kwa siku, na wenye mkataba na kampuni hawakufika ishirini. Genge la nondo lililipwa kwa tani, genge la mbao za kufungia zege kwa mita ya mraba, na saidia fundi walilipwa jioni, mkononi, kwa siku. Orodha yao ilikuwa kwenye daftari la mkuu wa genge, na mara nyingi ilikuwa ya majina ya utani tu. Mwakilishi wa usalama aliyeteuliwa kwa barua alikuwa mtunza stoo, mtu mwema ambaye kazi yake ilimfunga chini siku nzima. Kule stoo nilikuta mikanda ya kuzuia kuanguka ikiwa bado kwenye mifuko yake ya plastiki. Kofia ngumu nyeupe, safi kabisa, zilitundikwa kwenye misumari zikisubiri wageni.

Kampuni ilijivunia pia uhusiano wake na jamii. Ilitoa jezi kwa timu ya vijana wa mtaa, ikachangia michango iliyoombwa na viongozi, na ikawa tayari kununua madawati shule ilipohitaji. Madawati hayo yana nafasi kubwa katika kisa hiki.

Wakazi wengi wa mtaa huo ni watu wazima wanaokumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Kwa hiyo hofu ya ghorofa jipya pembeni ya shule haikuhitaji kuelezwa na mtu. Kisa chetu lakini si cha jengo kuporomoka. Ni cha tundu moja kwenye sakafu ya zege, na watu wengi waliojua kwamba lipo.

Yaliyotokea

Tukio la kwanza lilikuwa tofali. Miezi miwili hivi kabla ya ajali lilidondoka kutoka ghorofa ya tatu, likatoboa bati la banda la mama lishe na kutua kwenye sufuria ya maharage. Ilikuwa saa nne kasoro asubuhi, wateja bado hawajashuka. Foremani alikuja mbio. “Mama, samahani sana, vijana hawa hawana macho,” akasema, akampa shilingi elfu thelathini za bati na maharage. Bati likabadilishwa mchana uleule. Hakuna kilichoandikwa popote, hata kwenye kitabu cha saiti ambacho injinia hukisoma kila jioni.

Wiki chache baadaye kipande cha ubao kilitua kichochoroni wakati wanafunzi walikuwa wametoka tu mapumziko. Safari hii mwalimu mkuu aliandika barua kwa serikali ya mtaa, nakala kwa kampuni. Aliomba mambo mawili: neti upande wa kichochoro, na mtu wa kuwavusha watoto wakati vifaa vinapandishwa kwa winchi.

Barua haikujibiwa. Kilichokuja badala yake ni madawati, siku kumi baadaye, pamoja na mpiga picha. Mwenyekiti wa mtaa alishukuru, mwalimu mkuu akashukuru, meneja wa kampuni akaahidi kuendelea kushirikiana na jamii. Niliwauliza wote watatu kama kuna aliyetaja barua siku ile. Hakuna. Mwalimu mkuu alinieleza kwa utulivu kwamba baada ya kupiga picha amekalia dawati la mtu, kuandika barua ya pili ya malalamiko kungeonekana utovu wa shukrani.

Ajali ilitokea Jumatano, saa tano asubuhi. Kwenye sakafu ya ghorofa ya nne kulikuwa na tundu lililoachwa kwa ajili ya mabomba, pana kiasi cha kumeza mtu mzima, likiwa limefunikwa kwa ubao wa marini, yaani plywood ya kufungia zege, bila kupigiliwa misumari. Genge la mbao lilikuwa linakusanya marini kwa ajili ya ghorofa ya tano. Saidia fundi mmoja, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliinama akaunyanyua ubao ule kwa mikono miwili, akausimamisha mbele ya kifua chake, na akapiga hatua kwenda mbele. Ubao ndio uliomziba macho. Alidondoka ghorofa moja, akavunjika mfupa wa paja na kifundo cha mkono.

Fundi mwashi aliyekuwa akijenga karibu alikuwa amemwambia mkuu wa genge jana yake kwamba ubao ule haujapigiliwa. Mkuu wa genge alimjibu kwamba kesho utaondolewa hata hivyo.

Wenzake walimshusha juu ya marini uleule wakampakia kwenye bajaji. Hospitali iliuliza fomu ya polisi, PF3. Mmoja wao alikimbia kituoni kuichukua, akaeleza ukweli kwamba mwenzake ameanguka kazini. Muda si mrefu foremani akapiga simu kutoka saiti: waseme ni ajali ya pikipiki. Maagizo yalichelewa kwa dakika chache tu, fomu ilikuwa imeshaandikwa. Huwa nawaambia washiriki wa mafunzo wakae na jambo hili kidogo, kwa sababu bila dakika hizo kisa kizima kingeishia hapo.

Jioni mkuu wa genge la mbao alimkana. Alisema kijana alikuja jana tu kutafuta kazi, hata jina halijui vizuri, na daftari lake kweli halikuwa na jina hilo.

Asubuhi ya Alhamisi vibarua hawakupanda. Walikaa kijiweni. Foremani akatangaza kwamba asiyepanda leo kesho asije, na ilipofika saa nne karibu nusu yao walikuwa wamepanda, maana aliyekosa siku amekosa na nauli ya kurudia nyumbani. Mgomo ukafa wenyewe. Kama ungekuwa ndio njia pekee, ghorofa ya tano ingemwagwa zege Jumamosi kama ilivyopangwa.

Lakini siku hiyohiyo mwalimu mkuu, mama lishe na wazazi kadhaa walikwenda kwa afisa mtendaji wa mtaa kuomba mkutano wa dharura. Mwenyekiti alisita, kisha akaitisha kwa Ijumaa jioni katika uwanja wa shule.

Mkutano

Kampuni ilizoea kumtuma afisa uhusiano kwenye mikutano ya namna hii. Injinia mkazi, yaani injinia wa kampuni anayeshinda saiti (si mkazi wa mtaa), aliamua kwenda mwenyewe, tena baada ya kumpigia mkurugenzi na kupata idhini ya kuahidi mambo hadharani. Alimwambia mkurugenzi kwamba mtu asiye na uwezo wa kusimamisha zege hana la kuwaambia wazazi.

Vibarua kama kumi na watano walikuja, wakasimama nyuma. Mmoja aliponyoosha mkono mwenyekiti alimuuliza anaishi wapi.

“Mbagala.”

“Kaka, huu ni mkutano wa wakazi wa mtaa huu. Utatusamehe.”

Kwa taratibu za mkutano wa mtaa, mwenyekiti hakukosea. Mkutano ni wa wakazi waliofikisha miaka 18. Vibarua walikuwa wanashinda pale kutwa, wengine kwa miezi, lakini mtaa wao ulikuwa kwingine, na kule kwingine hakuna mkutano ambao ungejadili tundu la ghorofa ya nne katikati ya jiji.

Ndipo mama lishe akasimama. “Mwenyekiti, mimi ni mkazi, na kadi yangu ninayo. Nitasema ya kwangu, halafu nitasema na ya hawa wanangu, maana wanakula kwangu.” Alieleza habari ya tofali. Kisha akafungua daftari lake la madeni. Kijana aliyedondoka alikuwa anakula kwa mkopo na kulipa Jumamosi, na jina lake la utani lilikuwa mle kwa wiki tisa: wali maharage, chapati mbili, wali samaki, tarehe kwa tarehe. “Huyo anayesema kijana kaja jana,” akasema, “aje anilipe yeye.”

Watu walicheka, kisha wakanyamaza.

Injinia hakuanza na historia ya kampuni. Alisema tundu lilikuwepo, lilijulikana, na ni jukumu la kampuni, awe kijana aliandikwa na nani. Alisema zege la Jumamosi halitamwagwa. Aliomba mkutano uandike maazimio kwenye muhtasari naye atie saini. Mzee mmoja aliuliza kwa nini barua ya mwalimu haikujibiwa, na injinia akakiri kwamba hakuwahi kuiona. Nakala ilipokelewa na ofisi kuu, ikawekwa kwenye jalada la misaada kwa jamii.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, kusimamisha kazi za juu, ulichukuliwa kabla mkaguzi hajafika. Ajali iliripotiwa OSHA, na mkaguzi alipokuja alizuia kazi zote za kwenye kingo na matundu hadi kinga ziwekwe. Mkurugenzi alilalamika kwamba wamejiripoti wenyewe. Injinia alikuwa na hesabu rahisi: polisi wana fomu, mtaa una muhtasari, hospitali ina picha ya mfupa. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kuficha, na sheria ilitaka ajali iripotiwe hata hivyo.

Wa pili ulikuwa kumtambua majeruhi kama mfanyakazi wa mradi. Mwanasheria wa kampuni alishauri wasubiri, kwa hoja kwamba mwajiri wake ni mkuu wa genge. Injinia alijibu kwamba mkuu wa genge hajasajiliwa popote, hana ofisi, na siku yoyote atazima simu. Nakala za kurasa za daftari la mama lishe ziliambatanishwa kwenye madai ya WCF pamoja na PF3 na maelezo ya wenzake wawili.

Wa tatu ndio uliozua ubishi mkubwa ndani ya kampuni, na nitakaa hapo kidogo. Vibarua walipoulizwa kwa nini hawakusimamisha kazi walipoona hatari, walijibu kwa sentensi moja: kusimama ni kulala njaa. Pendekezo likawa kwamba kazi ikisimamishwa kwa sababu ya hatari, malipo ya siku yaendelee. Mkurugenzi aliona wazi jinsi litakavyotumiwa vibaya. “Tukilipa siku ya kukaa, kila siku watakaa,” alisema. Walifika mahali fulani katikati. Kazi katika eneo lenye hatari ingesimamishwa na wajumbe wawili wa kamati kwa pamoja, injinia alitakiwa kufika ndani ya saa moja, na malipo yangeendelea hata kama injinia ataona hakukuwa na hatari kubwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyokaribia kuvunja kikao. Ilibaki kwa sababu foremani mwenyewe, yule wa simu ya pikipiki, aliiunga mkono. Alisema kama kijana anajua kwamba akikosea anakatwa, hatasema kitu hadi awe na hakika, na mwenye hakika ni yule aliyekwisha kudondoka.

Uamuzi wa nne ulihusu kamati. Mtunza stoo aliondolewa kwa heshima zote. Kila genge lilichagua mtu wake, kwa kunyoosha mikono, wakati wa chakula. Mtaa nao ukachagua mwakilishi mmoja wa kuhudhuria kikao cha kamati kila wiki na kupeleka taarifa kwa afisa mtendaji. Namba ya simu ya injinia ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye uzio upande wa kichochoro, herufi kubwa kama matangazo ya mganga.

Wa tano ulikuwa wa kusitisha misaada yote kwa mtaa hadi mradi uishe. Mwenyekiti hakuupenda. Kampuni ilieleza kwamba neti, njia ya mbao yenye paa kwa ajili ya watoto na mtu wa kuwavusha ni gharama za kazi, zitalipwa kama gharama za kazi, wala hazitapigwa picha.

Matokeo

Kazi za juu zilisimama wiki mbili. Kingo zilizungushiwa mabomba na mbao za miguuni, matundu yakafunikwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari na kupakwa alama ya msalaba mwekundu, na mikanda ikatoka kwenye plastiki. Kuitoa mikanda kulikuwa rahisi. Kupata mahali imara pa kuifunga kuliwachukua mafundi siku kadhaa, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba tangu mradi uanze hakuna aliyewahi kufikiria ifungwe wapi.

Kamati ilisimamisha kazi mara sita hadi mradi unaisha. Mara tano injinia alikubaliana nayo. Mara ya sita aliona hakuna hatari, akalipa, na kazi ikaendelea baada ya saa moja na nusu. Hofu ya mkurugenzi haikutimia, ingawa alichelewa kulikiri hilo.

Majeruhi alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akakaa nje ya kazi miezi mingi. Madai yake yalikubaliwa. Lakini malipo ya kipindi cha kushindwa kufanya kazi hukokotolewa kwa kipato, asilimia 70 yake, na hapo ikaibuka shida ambayo hakuna aliyeitarajia. Mkuu wa genge alikuwa akipokea kwa kampuni kiwango fulani kwa kila kichwa na kuwapa vijana pungufu. Vocha za kampuni zilionyesha jumla ya genge bila majina, na ushahidi wa kile kijana alichokuwa akipata ulikuwa mdomo wake na wa wenzake. Kiwango kilichokubaliwa mwishoni kilikuwa cha chini kuliko haki yake, na hakikurekebishwa. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo. Alirudi saiti kama karani wa mahudhurio, kazi ya kuandika majina kamili ya watu asubuhi.

Kwa upande wa mtaa, taarifa za kamati zilisomwa katika mikutano miwili iliyofuata na wazazi walikuja wengi. Kisha zikaja kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa. Mgombea mmoja alitaka kuhutubia vibarua wakati wa chakula, mwingine aliomba fulana. Kampuni iliwakatalia wote wawili kwa barua zinazofanana neno kwa neno. Siku ya kupiga kura saiti ilifungwa. Ni hatua nzuri, ila ilikuja upande usio na mlango: vibarua wengi hawakuwa wamejiandikisha. Orodha ya wapiga kura wa uchaguzi huo huandaliwa mtaani anakoishi mtu, tofauti na Daftari la Kudumu, na siku za kujiandikisha walikuwa saiti kuanzia alfajiri. Hakuna aliyewaza kuwapa ruhusa ya nusu siku wakati huo.

Mwakilishi wa mtaa kwenye kamati alifanya kazi vizuri kwa miezi mitatu. Baadaye akapata kazi ya kuleta mchanga na kokoto pale saiti. Taarifa zake zikawa fupi, kisha zikakoma.

Uchambuzi

Tundu la ghorofa ya nne lilijulikana kwa fundi mwashi, kwa mkuu wa genge, na bila shaka kwa wengine waliolikwepa kwa miguu. Tofali lilijulikana kwa mama lishe na foremani. Ubao ulijulikana kwa mwalimu mkuu, kwa mwenyekiti, na kwa karani wa ofisi kuu aliyeweka barua kwenye jalada lisilo lake. Ajali nyingi za saiti ninazozifahamu zina sura hii. Mafunzo tunayotoa, mimi nikiwemo, hupenda kumfundisha kibarua kuitambua hatari, wakati yeye anaitambua kuliko mwalimu. Kinachokosekana ni njia fupi kutoka kwake hadi kwa mtu anayeweza kusema simamisheni, na uhakika kwamba akisema hatarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa sababu hiyo, kati ya maamuzi yote matano, naliweka lile la malipo ya siku mbele ya neti, mikanda na kamati yenyewe. Kamati iliyochaguliwa bila kifungu hicho ingekuwa na watu jasiri kwa wiki ya kwanza tu.

Malipo ya genge kwa tani na kwa mita ya mraba hayakuguswa, na hilo ni pengo. Ubao wa marini ulinyanyuliwa kwa haraka kwa sababu mita ya mraba ndiyo iliyokuwa inalipa. Kamati inasimama mlangoni mwa hatari, lakini mfumo wa malipo unaendelea kuwasukuma watu kuelekea mlango huohuo. Umwagaji wa zege wa usiku ulionyesha hivyo. Mara mbili nilipita baada ya saa tatu usiku nikakuta wajumbe wa kamati wamekwisha kuondoka na genge la zege, lililoletwa kwa kazi hiyo tu, likifanya kazi bila mtu hata mmoja anayejua kwamba kuna kamati.

Madawati yanastahili maneno makali zaidi. Simlaumu aliyeyatoa, shule ilikuwa na upungufu na watoto bado wanayakalia. Shida ni kwamba kampuni ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuzungumza na mtaa, na mlango huo ulikuwa wa misaada, kwa hiyo hata barua ya hatari ilipoingia ilipokelewa kama ombi. Aliyeipokea alifanya alichozoea: akatafuta cha kutoa. Mtaa nao ukafanya ulichozoea, ukashukuru. Kuwatenganisha wanaopokea malalamiko na wanaogawa misaada ni jambo dogo la kiofisi, na kampuni yoyote inaweza kulifanya kesho bila gharama.

Kuhusu mkutano, nimewasikia washiriki wakiusifu kana kwamba wananchi walishinda. Tuwe waangalifu. Mkutano ulifanikiwa kwa sababu tatu zilizokutana kwa bahati: mwalimu mkuu aliyekuwa na nakala ya barua, mama lishe aliyekuwa mkazi na mwenye daftari, na injinia aliyekwenda akiwa na mamlaka mfukoni. Ondoa mmoja, na kikao kingeisha kwa ahadi ya kufuatilia. Wale waliokuwa hatarini zaidi hawakuruhusiwa kusema. Vyama vya wafanyakazi vipo, na sekta ya ujenzi ina chake, lakini hakuna kibarua pale aliyewahi kufikiwa na mtu wa chama. Kwa hiyo sauti yao ilipita kwa mtu anayewauzia chakula. Kampuni inayojenga katikati ya makazi inaweza kuomba, kwa barua tu, kwamba ajenda ya saiti ikijadiliwa wafanyakazi wawili wakaribishwe kama wageni wa kueleza. Mkutano una uwezo wa kukaribisha mgeni, kwani injinia naye hakuwa mkazi.

Hilo la injinia lilinigusa nilipousoma muhtasari mara ya pili. Hakuna aliyemuuliza anaishi wapi.

Mwakilishi wa mtaa na biashara ya mchanga ni kosa lililoweza kuzuiwa kwa mstari mmoja kwenye makubaliano: aliye kwenye kamati, na wa nyumbani kwake, asiuze kitu saiti. Mstari huo haukuwekwa kwa sababu wakati wa kuandika kila mtu alikuwa anaogopa zege, si kokoto. Wakazi nao hawakuuliza taarifa zimekwenda wapi. Neti ilikuwepo, watoto walipita salama, na watu wana shughuli zao.

Tangu jengo la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, washiriki wa mafunzo hukisoma kisa hiki kwa swali tofauti. Hawaulizi sana habari ya tundu. Wanauliza jirani anayeona kazi ya mashaka upande wa pili wa ukuta aipeleke wapi, na akishaipeleka nani analazimika kumjibu, kwa siku ngapi. Hapa muda wa kujibu barua ya mkazi uliwekwa kwenye makubaliano baada ya ajali: siku tatu za kazi, kwa maandishi, na jibu kubandikwa ofisi ya mtaa. Barua kumi na moja zilikuja. Nyingi zilihusu vumbi, kelele za usiku na malori yanayoziba njia. Mbili zilihusu vitu kudondoka, na zote mbili zilijibiwa siku ileile.

Kampuni imeshaanza mradi mwingine, upande wa pili wa jiji. Neti zimo kwenye mchanganuo wa gharama tangu siku ya zabuni, na karani wa mahudhurio ni yuleyule mwenye mguu mfupi. Kifungu cha kulipa siku iliyosimamishwa kimo kwenye mikataba ya vibarua wa kampuni. Kwenye mikataba ya wakuu wa magenge bado hakimo. Mkurugenzi anasema analifikiria.